Hodi ya usiku wa manane: jibu bila kufungua mlango

Kwa mtu wa Pwani, ulimi huwahi. Hodi ikipigwa, "karibu" imeshatoka kabla kichwa hakijauliza ni nani. Mchana hiyo ni adabu. Saa saba usiku neno lilelile ni ruhusa, na aliyeko nje akilisikia anajua kwamba ndani kuna mtu, yuko macho, na hana wasiwasi. Kwa hiyo kabla ya kununua kufuli jipya, badilisha jibu. Kuanzia saa nne usiku kila mwenye nyumba, mpangaji, dada wa kazi na mtoto anayejua kuongea ajibu hodi kwa neno moja: "Nani?" Karibu isubiri.

Hakuna anayevunjiwa heshima. Hodi ni tatu, asiyejibiwa anarudi. Na Sura ya An-Nur, aya ya 28, inamwelekeza mgeni kwamba akiambiwa arudi, basi arudi. Mgeni anayekasirika kwa kuulizwa jina usiku wa manane, yeye ndiye aliyeivuka adabu.

Wazee wengi huwakataza watoto kuitika wakiitwa usiku mara ya kwanza. Wao wana sababu zao, za majini na mengineyo. Hata asiyeziamini ana faida ya kuifuata desturi hiyo: aliyeamshwa ghafla huchukua dakika kadhaa akili kutulia, na hodi ya kwanza ndiyo humkuta angali na usingizi. Acha ya kwanza ipite.

Dakika ya kwanza

Usiwashe taa ya ndani. Nyumba nyingi za mitaa ya Tanga kama Ngamiani, Makorora na Msambweni zina dirisha la chumba cha mbele linalotazama baraza, na pazia jepesi lenye taa nyuma yake huonyesha kila kivuli kinachopita. Washa ya nje. Ndani giza, nje mwanga: hapo unaona bila kuonekana. Swichi ya taa hiyo iwe chumbani au katikati ya ukumbi, ili usilazimike kwenda mlangoni kuiwasha. Umeme ukiwa umekatika tumia tochi, lakini nyoosha mkono uiweke mbali na kichwa na kifua chako, maana mwenye nia mbaya hulenga panapotoka mwanga.

Mwamshe mtu mzima mwingine kimyakimya. Mmoja azungumze na aliyeko mbele, mwingine aende kuangalia mlango wa uani. Hatua hii husahaulika kuliko zote, nayo ina uzito kuliko zote. Anayebisha mbele huenda kazi yake ni kuwakusanya wote mbele huku mwenzake anaruka ukuta wa nyuma. Katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na jiko na choo uani, nyuma ndiko kwenye udhaifu: ukuta mfupi, mlango wa bati, na komeo ambalo mtu aliyetoka msalani na usingizi wake amelisahau wazi. Hata kama unaishi peke yako, tazama uani kwanza, ndipo ujibu.

Ukizungumza, usisimame katikati ya mlango. Simama pembeni, ukuta ukukinge, upande wa kitasa. Mlango ukipigwa teke hautakuangukia. Bora zaidi ongea kupitia dirisha, ukiwa hatua mbili nyuma ya nondo, mkono wa nje usikufikie.

Maswali ni matatu: wewe nani, unatoka wapi, unamtaka nani. Uliza moja, kisha nyamaza mpaka ajibu. Wengi huharibu hapa kwa kumsaidia mgeni. Ukisema "Ni wewe Hamisi?", jibu lake ni "Eeh, ni mimi," na hapo wewe ndiye uliyempa jina. Anayejitaja kuwa ndugu au jirani, muulize jambo lisilojulikana na mpita njia: mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo anaitwaje, au bibi yenu alizikwa wapi. Sauti ikiwa ya mtu unayemfahamu lakini inatetemeka au inasema kwa kukatakata, omba azungumze na wewe dirishani kwenye mwanga. Huenda hayuko peke yake.

Sema "sisi" hata kama uko peke yako: "tumelala", "ngoja tushauriane". Usitamke "baba hayupo" wala "rudi mume wangu akija." Ukishasema hivyo, umempa hesabu ya watu waliomo.

Katika nyumba ya wapangaji, ugomvi huzaliwa na mlango mmoja wa mbele. Kubalianeni mapema: mgeni wa usiku anafunguliwa na mwenyeji wake peke yake, baada ya mwenyeji huyo kumwona. Anayemtaka mpangaji wa chumba cha nne aambiwe asubiri nje, na mpangaji agongewe. Kama hayupo, jibu ni "hapatikani sasa," bila kueleza ameenda wapi wala anarudi lini.

Akisema anahitaji msaada

Hapa ndipo moyo unapogawanyika, na ndipo wengi hufungua. Kumsaidia mtu hakuhitaji kumwingiza ndani mara moja. Mwambie akae barazani, kwenye mwanga, kisha pigia simu nyumba mbili za jirani. Taa za nyumba tatu zikiwaka na watu wakatoka pamoja, mlango unaweza kufunguliwa. Mwenye shida ya kweli hufurahi watu wakiongezeka. Mwenye lake ghafla hukumbuka ana safari.

Wakati mnangoja, maji na kanga vipite kwenye nondo za dirisha. Mtu akiwa ameumia, piga 112, kisha mwite dereva wa bajaji unayemjua ili awahishwe Hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu. Usikubali kutoka peke yako "kumwangalia mgonjwa hapo kona." Mgonjwa aletwe kwenye mwanga, au twendeni sote. Kilio cha mtoto mchanga nje kifuate utaratibu uleule: majirani kwanza, mlango baadaye.

Mwanamke anayekimbia kipigo asiachwe barazani muda mrefu, kwa sababu anayemfukuza yuko nyuma yake. Tazama dirishani nani mwingine yuko karibu, ita majirani kwa sauti, na mtu mzima wa pili akiwa amefika mlangoni, mfungulie, mwingize, funga. Kisha piga polisi. Vituoni kuna dawati la jinsia na watoto linaloshughulikia kesi kama hizo. Kuchelewa kwa dakika kumi hapa kunaweza kumgharimu uhai wake.

Taarifa ya msiba nayo huja usiku. Uliza marehemu ni nani na amefia kwa nani, kisha mpigie simu ndugu wa nyumba hiyo kabla ya kutia ufunguo. Anayeleta msiba wa kweli hatashangaa.

Mwezi wa Ramadhani wapo wanaopita kuamsha watu kwa daku. Wao hupiga ngoma au kuimba na kupita, hawaombi kufunguliwa. Anayeshika kitasa saa tisa usiku akisema "daku", muulize kama mwingine yeyote.

Akisema ni askari, au fundi

Muulize jina, cheo na kituo anachotoka, na aonyeshe kitambulisho kwenye mwanga. Mwambie kwa heshima: "Afande, nampigia mwenyekiti wa mtaa afike, kisha nafungua." Kisha piga kituo kwa namba uliyoihifadhi mwenyewe kwenye simu. Namba anayokutajia yeye mlangoni haina maana, maana itapokelewa na mwenzake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka hati ya upekuzi, na kwa kawaida hati hiyo hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu usiku. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu upekuzi bila hati panapokuwa na dharura, kwa hiyo usidhani giza linakupa haki ya kugoma. Ukishathibitisha ni askari, fungua, usimzuie. Shahidi huru awepo, kwa kawaida mjumbe au mwenyekiti, na kitu chochote kinachochukuliwa kiandikwe, kitiwe saini, ubaki na stakabadhi.

Anayejiita fundi wa umeme saa sita usiku bila wewe kupiga simu ya dharura hana kazi ndani kwako. Kama nguzo ina hitilafu, nguzo iko nje.

Haondoki

Mwambie mara moja, kwa sauti nzito: "Hatufungui. Ondoka, tumeshapiga polisi." Baada ya hapo acha kujibizana, kila neno la ziada linamwambia uko upande gani wa nyumba. Piga 112. Taja kwanza mtaa na alama ya karibu (msikiti, shule, namba ya barabara), ndipo ueleze kinachotokea. Simu ikikatika, walau wanajua pa kuja. Kwa Ngamiani, "barabara ya kumi na mbili" peke yake haitoshi, kwani barabara ni ndefu. Taja pia makutano yake.

Kuita majirani kunahitaji tahadhari. Ukipiga kelele za "mwizi!", watakaotoka watakuja na mawe, na huenda aliyeko barazani ni mlevi aliyekosea nyumba au kijana mgonjwa wa akili. Watu wameuawa kwa neno hilo moja, na damu hairudi ikishamwagika. Ita "Jirani, tokeni!", au tumieni filimbi: mipigo mitatu mirefu, kimya kidogo, kisha mitatu tena. Filimbi ni rahisi, haihitaji chaji, na sauti yake haimhukumu mtu. Kila nyumba ya mtaa iwe nayo moja, ikining'inia chumbani, na ishara ikubaliwe kwenye kikao mbele ya mwenyekiti na vijana wa ulinzi shirikishi.

Mlango ukianza kuvunjwa, achana na televisheni. Wote waingie chumba cha ndani, kitanda kisukumwe nyuma ya mlango, simu iendelee kuwa hewani.

Akiondoka, usitoke mara moja kuhakikisha. Subiri majirani wafike. Asubuhi andika saa, maneno aliyosema, nguo na urefu wake, upeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Na kama alijaribu kuvunja, chukua RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) kituoni hata kama hakuna kilichoibwa. Nyumba tatu zikitoa taarifa moja, doria inajua pa kupita.

Wanaochelewa kurudi

Wavuvi wa Sahare, vijana wa bodaboda na wenye zamu bandarini hurudi saa ambazo wengine wamelala. Utaratibu uwe huu: anapiga simu akiwa nje, mnasikilizana sauti, ndipo mlango ufunguliwe. Jina kwenye kioo cha simu halitoshi, maana simu huibwa. Chaji ikiisha, atumie neno la siri la familia, liwe la kawaida kama "pweza" au "chapati", na libadilishwe likishasikika kwa jirani.

Mlango wenyewe

Mlango wa flashi, ulio mtupu ndani, ni wa chumbani. Wa mbele na wa uani uwe wa mbao ngumu au wenye grili ya chuma. Weka makomeo mawili, juu na chini, ya inchi 6 au 8, na fimbo yake iingie kwenye fremu au sakafuni angalau inchi 1. Kinachoshindwa mara nyingi ni skrubu: zile fupi za nusu inchi zinazouzwa na komeo hung'ata ngozi ya ubao tu, teke moja zinang'oka. Nunua za inchi 1½ hadi 2. Toboa tundu jembamba kwanza mbao isipasuke, na paka skrubu sabuni ya mche ili iingie bila kukwama. Bawaba ziwe tatu, za inchi 4. Kama grili inafunguka kwa nje, pini za bawaba ziko upande wa mwizi. Mwambie fundi wa kuchomelea azizibe juu na chini.

Tundu la kuchungulia liwe mita 1.5 kutoka sakafuni; kipenyo cha kutoboa kimeandikwa kwenye pakiti, mara nyingi milimita 14. Lifunike kwa ndani na kipande cha ngozi, vinginevyo aliyeko nje anaona mwanga ukizibwa na jicho lako.

Vioo vya luva huchomolewa kimoja kimoja bila kelele, na wavu wa mbu hauzuii kitu. Hakikisha hakuna komeo wala ufunguo unaofikiwa na mkono uliopenya hapo. Ufunguo wa kufuli la grili utundikwe msumari uleule kila usiku, zaidi ya mita 1 kutoka dirisha lolote, na kila mtu aujue gizani. Moto ukizuka ndani ya nyumba yenye nondo kila dirisha, kuutafuta ufunguo huua. Namba ya Zimamoto ni 114.

Mwisho ni chumvi. Raskazone, Chumbageni na kote kunakofika upepo wa bahari, chuma kisichopakwa zinki hushika kutu haraka. Nunua kufuli la shaba. Kila mwezi sugua komeo, kisha tia matone 2 au 3 ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hushika vumbi yakagandisha. Lijaribu kwa kidole kimoja: likisogea, liko sawa. Likihitaji nyundo, ndani ya wiki moja watu wa nyumba watakuwa wanaliacha wazi.