Benki imefunga akaunti yako Uingereza na bado unalipa madeni: anzia hapa

Barua yenyewe huwa fupi. Tumepitia akaunti yako, tumeamua kuifunga, hatuwezi kusema zaidi ya hapo, kadi ikate uitupe. Na ukiipata hiyo barua huku uko katikati ya kulipa madeni, mawazo yote yanakimbilia kwenye ile difoti ya mwaka juzi, yaani deni lililoandikwa umeshindwa kulilipa, unajiambia ndo hiyo imenifikisha hapa. Mara nyingi siyo. Kwa hapa Uingereza deni ni faili moja na utapeli ni faili lingine kabisa, na mtu akiyachanganya anaweza kukaa mwaka mzima analipa deni akidhani alama ya utapeli itafutika, haifutiki, au anapigana na Experian, kampuni ya ripoti za mikopo, wakati aliyemwandika hayuko Experian.

Difoti na malipo uliyochelewesha yanakaa kwenye ripoti ya mikopo, ya Experian, Equifax na TransUnion, miaka 6, na yanasema kitu kimoja tu, huyu alishindwa kulipa kwa wakati. Cifas ni habari nyingine. Ni shirika la wanachama, mabenki, kampuni za simu, za bima, za mikopo, lipo tangu 1988, wanapeana taarifa za utapeli, na mwanachama mmoja akiamini umefanya utapeli anakuandika humo, hiyo ndo alama, na wengine wakikuchunguza wanaiona. Ukiandikwa kama mhusika inakaa miaka 6. Ukiandikwa kama mtu aliyetumiwa jina lake na matapeli inakaa miezi 13, na hiyo ya pili ni kinga yako, iache tu. Kuwa kwenye mpango wa kulipa madeni, ule watu wanauita DMP, hakukuingizi Cifas. Kukosa hela ya kulipa nako peke yake hakukuingizi.

Sasa kinachowaingiza watu ni nini. Kuna kupokea hela isiyo yako na kuipitisha kwenda kwingine, kuna kuficha anwani ya zamani kwenye fomu ya mkopo ili difoti zisionekane, kuna kukana muamala ulioufanya mwenyewe ili urudishiwe hela, na kuna kuchukua mkopo na kuingia mitini kabla hata ya malipo ya kwanza. Hii ya kupitisha hela ndo inawamaliza wengi, maana inakuja kwa sura ya msaada. Namfahamu dada mmoja anayefanya kazi ya kulea wazee, mtu wa shifti mbili, rafiki yake alimwambia akaunti yangu ina shida naomba ipitie kwako, ikaingia pauni 900 saa nne asubuhi, saa tano keshaituma alikoambiwa. Hela ilikuwa ya wizi. Akaunti ikafungwa, mshahara ukagonga mwamba, na dairekti debiti ya DMP yake, yale malipo yanayokatwa yenyewe kwenye akaunti, ikarudi mwezi huohuo. Na wale mnaotunza hela za upatu kwenye akaunti binafsi hebu sikilizeni, hela ndogondogo kutoka kwa watu ishirini zinaingia jioni na usiku huohuo zinatoka zote kwa mpigo, kwa kompyuta ya benki hiyo sura haina tofauti sana na akaunti ya kupitishia hela chafu, kwa hiyo tunzeni orodha ya wanachama na meseji za kikundi, siku moja zitawaokoa.

Ukipiga simu benki kuuliza kwa nini, utapigwa danadana, na usimfokee yule wa simu. Kama benki imepeleka taarifa ya mashaka kwa National Crime Agency, idara ya taifa ya kupambana na uhalifu, sheria ya 2002 ya mali za uhalifu inamfanya mfanyakazi awe amevunja sheria akikudokezea. Ndo maana pia hela yako inaweza kushikiliwa. Benki ikiomba ruhusa, National Crime Agency ina siku 7 za kazi kujibu, ikikataa kuna siku 31 nyingine, na mahakama inaweza kuongeza. Muulize vitu viwili tu, salio langu liko wapi na lini nitalipata, halafu andika jina la uliyeongea naye, tarehe na saa.

Kuhusu notisi, utaratibu wa zamani ni miezi 2, na kwa mikataba iliyoanza 28 Aprili 2026 kuendelea ni siku 90 pamoja na sababu. Lakini wakishuku uhalifu wanaweza kukufungia siku hiyohiyo, kwa hiyo notisi yenyewe ni kidokezo. Umepewa miezi miwili, huenda wamekuchoka tu, umekatiwa ghafla, basi chukulia kuna alama mpaka uthibitishe haipo.

Siku za mwanzo kazi yako ni moja, hela iendelee kutembea. Mwambie mwajiri kabla ya tarehe ya mishahara, maana mshahara ukienda kwenye akaunti iliyofungwa kwa kawaida unarudi kwa aliyeutuma na unaweza kukaa siku kadhaa njiani. Kama unapokea Universal Credit, ule msaada wa serikali, ongea nao mapema, wana njia ya kuwalipa watu wasio na akaunti. Halafu piga simu kwa wanaokusimamia DMP, iwe StepChange, lile shirika la hisani la ushauri wa madeni, au wengine, siku hiyohiyo, usisubiri malipo yarudi. Waambie akaunti imefungwa, dairekti debiti itagoma, nataka kulipa mwezi huu kwa njia nyingine. Mpango unaweza kuvunjwa ukiruka malipo kimyakimya, ila mtu aliyepiga simu mapema anasikilizwa, na hiyo simu itakuja kukusaidia baadaye kwa sababu nitakayoisema. Kama umebanwa kabisa na uko England au Wales, muulize mshauri wa madeni kuhusu Breathing Space, ni siku 60 ambazo wadai wengi hawaruhusiwi kukuongezea riba wala kukufuata, huwezi kujiombea mwenyewe lazima ipitie kwa mshauri, na hupewi kama ulishaipata ndani ya miezi 12 iliyopita. Scotland wana utaratibu wao.

Akaunti mpya usiombe ovyo. Mabenki makubwa, Barclays, HSBC, Lloyds, NatWest, Santander, Nationwide na wengine kadhaa, wanatakiwa kisheria kutoa akaunti ya msingi, ukifika sema basic bank account, isiyo na ovadrafti na isiyokukata faini malipo yakigoma. Difoti siyo sababu ya kukunyima hiyo. Alama ya utapeli inaweza kuwa sababu, sitaki kukudanganya, ila Cifas yenyewe inawaambia wanachama wasikatae kwa kuiona alama peke yake bila kuchunguza, kwa hiyo wakikukataa omba sababu kwa maandishi. Na chagua benki ambayo huna deni nayo hata senti. Benki inayokudai ina haki ya kuchukua hela kwenye akaunti yako ya kawaida kufidia deni lao, umeingiza mshahara Ijumaa, Jumatatu umebaki na pauni kumi, na DMP yako haijalipwa. Akaunti za zile app za malipo zinaweza kukusaidia kwa muda, lakini nyingi siyo benki, zikifilisika hela yako haimo kwenye ile bima ya amana, na baadhi nazo wanaangalia Cifas. Kuna jambo watu wanalifanya silipendi kabisa, kuelekeza mshahara kwenye akaunti ya shemeji au ya mtoto aliyeko chuo. Unamhamishia balaa. Naye akifungiwa mtaangaliana tu sebuleni.

Wakati hayo yanaendelea, tafuta nani kakuandika. Nenda kwenye tovuti ya Cifas uombe taarifa zako zote, wenyewe wanaita SAR, subject access request, ni bure, unatuma kitambulisho na uthibitisho wa anwani, na kisheria wana mwezi mmoja kujibu. Andika na anwani zako za zamani. Tuma ombi kama hilo kwa benki iliyokufungia pia, uombe maelezo waliyoandika kwenye akaunti, rekodi za simu na kila walichopeleka Cifas, wataficha baadhi lakini kinachobaki kinatosha. National Hunter ni mfumo mwingine, unalinganisha maombi yako ya mikopo ya zamani na ya sasa, omba na kwao. Hapa subira inahitajika, mwezi ni mrefu ukiwa huna kadi.

Majibu ya Cifas yakija yasome taratibu. Kwa kila alama utaona mwanachama aliyeiweka, tarehe, tarehe ya kuisha, aina ya akaunti au mkopo, aina ya kesi na sababu. Macho yako yaende kwenye hiyo sababu, maana ndo utakayopigana nayo. Ikisema umetumia vibaya akaunti kwa kubaki na hela isiyo halali, hiyo ni ile ya kupitisha hela. Ikisema umekwepa kulipa, hapo mtu wa DMP una nguvu sana, na watu hawajui. Mwanachama hatakiwi kukuandika kwa hisia, anatakiwa awe na ushahidi wa wazi wa utapeli, wa kiwango ambacho angeweza kuupeleka polisi bila kusita. Kukwepa ni nia. Na mtu mwenye nia ya kukwepa hatafuti StepChange, hajazi bajeti yake mpaka hela ya nauli, hawapigii simu kuwaambia akaunti imefungwa naomba nilipe kwa njia nyingine. Barua ya kuanza kwa DMP, risiti za malipo hata kama ni pauni 5 kwa mwezi, tarehe ya ile simu, weka vyote kwenye faili moja.

Kisha peleka malalamiko kwa mwanachama aliyekuandika, siyo kwa Cifas kwanza. Andika Kiingereza chepesi, hakuna haja ya maneno ya kiwakili. Ubebe mambo haya: nani wewe na namba ya akaunti, kwamba hili ni lalamiko rasmi, kwamba unataka alama ya tarehe fulani iondolewe, nini kilitokea kwa mpangilio wa tarehe, kwa nini hukujua au hukuwa na nia ya kutapeli, na ushahidi huo hapo. Kama ulipitisha hela ya mtu, sema ukweli wote, ambatanisha meseji alizokuandikia, onyesha kwamba hukubaki hata na senti kama kweli hukubaki. Wanachotakiwa kuthibitisha ni kwamba ulijua, au ulikuwa na kila sababu ya kujua, kuwa hela ni chafu, hela kupita tu kwenye akaunti haitoshi. Ukitunga hadithi halafu meseji zinaonyesha vingine, umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe.

Wana wiki 8 kukupa jibu la mwisho. Wakikataa, au wiki 8 zikipita kimya, unaenda Financial Ombudsman Service, wasuluhishi huru wa malalamiko ya wateja dhidi ya mabenki, bure, na ukitaka mkalimani waambie. Ukishapata barua ya jibu la mwisho una miezi 6 tu, usiiweke kwenye droo. Unaweza pia kuiomba Cifas ipitie kesi baada ya mwanachama kukujibu. Ombudsman ana uwezo wa kuiamuru benki iondoe alama na hata kukulipa fidia kwa usumbufu, ila foleni yao ni ndefu, inaweza kuchukua miezi. Kurudishiwa akaunti yenyewe usikuwekee matumaini makubwa, benki ina uhuru mpana wa kuchagua inafanya biashara na nani, pigania alama iondoke, akaunti utapata kwingine.

Humu katikati watatokea vishoka. Watakutumia meseji, tunaondoa Cifas ndani ya siku chache, lipa pauni mia kadhaa kwanza. Hakuna mwenye mlango wa nyuma, anayeweza kuiondoa ni aliyeiweka, na atafanya hivyo kwa kutaka au kwa kuamriwa. Mawakili wa kweli wapo na kwa kesi nzito wanasaidia, lakini mtu aliye kwenye DMP kutoa hela ya wakili kabla hajajaribu njia ya bure mimi sioni mantiki. Na kulipa deni lote kwa haraka ili alama ifutwe pia hakufanyi kazi, difoti itaandikwa imelipwa, alama itabaki palepale. Lipa deni kwa kasi ya bajeti yako.

Kwenye fomu yoyote utakayojaza kipindi hiki, ya simu, ya bima ya gari, ya akaunti, jaza kama ilivyo. Anwani zote, kipato chenyewe, na wakiuliza kama umewahi kufungiwa akaunti sema ndiyo. Ukweli unaweza kukunyima mkataba wa simu, uongo unaweza kukuletea alama ya pili ukiwa bado unapigana na ya kwanza.

Siku ukiambiwa imeondolewa, omba barua, subiri siku kadhaa, halafu tuma ombi jipya Cifas uone kwa macho yako rekodi haipo. Ndo uombe akaunti, moja, siyo tano kwa wiki, na ikifunguka kitu cha kwanza weka standing oda au dairekti debiti ya DMP siku moja baada ya mshahara.