Wizi wa kitaaluma huanzia kwenye daftari

Anayeandika makala ya jarida anaweza kuiba kabla hajaandika hata sentensi ya kwanza. Anasoma, ananakili aya kwenye kompyuta bila alama za kunukuu wala namba ya ukurasa, na miezi sita baadaye anaikuta aya ile na kudhani ni yake. Kinga ianze hapo. Unachonakili neno kwa neno kifunge ndani ya alama za kunukuu papo hapo, uandike jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Muhtasari ulioutunga wewe upe rangi nyingine, na mawazo yako binafsi rangi ya tatu.

Kusema hukukusudia hakukuokoi. Karl-Theodor zu Guttenberg, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alijitetea hivyo alipogunduliwa kunakili kazi za wengine katika tasnifu yake. Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimvua shahada ya udaktari Februari 2011, na tarehe 1 Machi akatangaza kujiuzulu.

Panapowaponza wengi ni pale wanapodhani kubadili maneno kunatosha. Tuseme kitabu kinasema: “Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, uamuzi ulioziacha nyuma lahaja zenye fasihi ya kale kama Kimvita na Kiamu.” Wewe ukaandika: “Mnamo 1928 kikao cha Mombasa kiliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, hatua iliyozitupa nyuma lahaja zenye fasihi kongwe kama vile Kimvita na Kiamu.” Huo bado ni wizi, hata ukimtaja mwandishi, kwa sababu umevisha mifupa yake nguo mpya. Funga kitabu, jiulize hoja inasema nini, andika kwa mpangilio wako, kisha fungua ulinganishe. Mathalani: “Utajiri wa tenzi za Kiamu na mashairi ya Kimvita haukuzisaidia lahaja hizo wakati wa usanifishaji.” Hapo weka jina, mwaka na ukurasa. Tarehe ya mkutano inajulikana na wote katika taaluma hiyo, lakini hukumu kwamba lahaja fulani ziliachwa nyuma ni ya mwandishi yule, nayo ndiyo unayopaswa kumtajia mwenyewe.

Tafsiri nayo ina mtego. Aya ya Kiingereza ikigeuzwa Kiswahili bila kutajwa chanzo ni wizi ule ule: Kiswahili ni chako, hoja si yako. Ukifasiri neno kwa neno, tumia alama za kunukuu na uongeze “tafsiri yangu”. Na kama hoja ya mtu umeisoma ndani ya kitabu cha mwingine, sema amenukuliwa humo, usijifanye umekisoma kitabu cha kwanza.

Programu kama Turnitin, zinazolinganisha makala yako na maandishi mengine, huonyesha asilimia ya mfanano, haziamui kama ni wizi. Asilimia 30 inaweza kuwa marejeleo na dondoo halali; asilimia 8 inaweza kuwa ukurasa mzima kutoka chanzo kimoja. Soma ripoti chanzo kwa chanzo. Wala usijifiche nyuma ya vitabu vya Kiswahili visivyopatikana mtandaoni: huenda aliyekiandika kimojawapo ndiye atakayepewa makala yako aihakiki.

Kazi yako ya zamani pia itaje. Makala moja usiipeleke kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Hilo hupoteza muda wa wahakiki na huishia kuchapishwa mara mbili. Sura ya tasnifu majarida mengi huipokea, mradi umwambie mhariri katika barua ya kuwasilisha makala.

Ukigundua kosa baada ya kuchapishwa, mwandikie mhariri mwenyewe bila kungoja kulalamikiwa: taja ukurasa, aya, chanzo ulichokiacha, na maneno ya masahihisho unayopendekeza. Rejeleo moja lililosahaulika kwa kawaida humalizwa kwa tangazo la masahihisho. Kurasa zilizonakiliwa hufanya jarida litangaze kuibatilisha makala, nayo hubaki mtandaoni ikiwa na jina lako na alama ya kubatilishwa.