Somo: Kidonda cha mguu kisichopona kwa mwenye kisukari

Naliandika somo hili kwa sababu swali la "nipake nini?" hurudi kila mara. Kidonda hiki hakicheleweshwi na ukosefu wa dawa ya kupaka, bali na sukari iliyopanda inayodhoofisha kinga ya mwili, na mishipa ya damu iliyoziba, na ganzi inayomfanya mgonjwa aendelee kukikanyaga bila kuhisi.

1. Pima sukari na uidhibiti kama kliniki ilivyoelekeza.

2. Nawa mikono, kisha safisha kidonda kwa maji chumvi ya hospitali au maji yaliyochemshwa yakapoa. Spiriti huunguza nyama mpya, kwa hiyo iache.

3. Funika kwa kitambaa safi cha kidonda kisichogandamana nacho. Usiloweke mguu.

4. Uondolee mguu uzito. Hapa ndipo wengi huharibu kila kitu, kwani mtu anaweza kubadilisha bandeji kwa uangalifu mkubwa asubuhi, kisha akaikanyaga nyama changa mchana kutwa na kuiponda, huku akijiona anapona kwa kuwa haumwi. Bandeji nene haiondoi uzito. Ndani ya kiatu huongeza mgandamizo. Kwa kidonda cha unyayo, kinachosaidia zaidi ni plasta maalumu au buti inayofika karibu na goti, ambayo mtaalamu huifunga baada ya kuhakikisha kwamba damu inafika mguuni na kwamba hakuna maambukizi makali. Usiivue kwa sababu uko nyumbani, maana hatua za kwenda msalani nazo ni hatua. Wala usijikate sugu kwa wembe.

5. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona usaha, harufu, weusi, homa, au uvimbe wenye joto. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo linganisha joto la miguu yote miwili. Kidonda kisipopungua kwa nusu baada ya wiki 4, mishipa na mfupa vichunguzwe upya.

Swali: Naomba jina la antibayotiki kali. Kidonda cha baba kina miezi miwili.

Jibu: Sitalitaja. Kidonda kisicho na maambukizi hakihitaji antibayotiki, na chenye maambukizi lazima daktari akione. Mpeleke baba leo.

Swali: Mbona umeiacha asali? Watu wanapona.

Jibu: Nimeiacha kwa makusudi. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari ya mwaka 2023 inashauri isitumike, kwa kuwa ushahidi wake ni hafifu. Nimeandika kinachoponya.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mama hana kidonda bado. Nitajuaje kama ganzi imeanza?

Jibu: Marahaba, umeuliza mapema, na hilo ni jambo jema. Mwambie afumbe macho, kisha mguse kwa wepesi, bila kubonyeza, kwenye ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha tano cha kila mguu, kwa sekunde moja au mbili. Asipohisi sehemu 2 au zaidi kati ya 6, apelekwe kliniki akapimwe kwa uzi wa gramu 10, yaani uzi mwembamba wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwenye ngozi kwa nguvu ya gramu 10.

Swali: Na viatu vyake je?

Jibu: Vinunuliwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na kila anapotaka kuvivaa aingize mkono kwanza apapase ndani, kwa kuwa kijiwe asichokihisi unyayoni atakihisi kwa vidole vya mkono. Kama vidole vya mkono navyo vina ganzi, vikague wewe viatu hivyo.