Maiki ya bei poa kwa chumba chenye kelele

Kama unarekodi kwenye chumba chenye feni, dirisha linaleta stori za majirani na milango inagongwa kila saa, achana kwanza na maiki za kondensa hata kama kila mtu anazisifia, zinadaka mpaka friji ya chumba cha pili, na nyingi zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta. Chukua dainamiki, aina isiyodaka sana sauti za mbali. Shure SM58 ipo tangu 1966 na bado watu wanarekodia nayo, ila mfuko ukigoma Behringer XM8500 inatosha kabisa, na kama huna saundi kadi basi Samson Q2U ina USB na XLR (tundu la waya wa saundi kadi) humo humo, unachomeka kwenye kompyuta unaanza.

Sasa maiki peke yake haifuti kelele jamani. Hizo zote ni kadioidi, yani zinasikia mbele, nyuma ndo viziwi, kwa hiyo mgongo wa maiki uelekee kwenye feni au dirisha, sio ubavu. Halafu isogelee, vidole vinne hivi toka mdomoni, hapo unashusha gein (kiasi cha kukuza sauti ya maiki) na kelele inashuka nayo. Bezi itajaa ukikaribia hivyo, ipunguze kwenye EQ (sehemu ya kupandisha na kushusha bezi na sauti nyembamba) na chini ya hezi 80 kata tu, “p” zikipasuka vesha sponji au geuza maiki pembeni kidogo.

Shure SM7B, dainamiki nyingine, usiiwazie kwanza, inataka gein kama desibeli 60 na saundi kadi nyingi za bei chee zikifika huko zinaanza shhhh.