Anayekukosoa kanisani, mshukuru kwa jambo moja
Wazee wa kanisa wenzangu wa Masasi na Newala, msimu wa korosho ndio huu: sadaka ya mavuno inaingia, na maneno nayo yanaingia. Mtu akikukosoa, usimjibu palepale mlangoni. Andika alichosema kwenye daftari, bila jina lake, ulale. Kesho yake tafuta humo neno moja la kweli, hata kama kalisema kwa ukali, kisha mwendee umshukuru kwa hilo tu. Musa naye alikosolewa na mkwewe Yethro (Kutoka 18), akagawa kazi.

Mimi mama mmoja aliniuliza mbele ya watu mbona magunia ya korosho hayasomwi kwenye matangazo. Niliudhika wiki nzima! Sasa tunayasoma, kilo kwa kilo, na mhesabuji ni yeye.