Somo: Kujiandaa kwa simu na profesa wa ng'ambo unayetaka akusimamie masomoni

Naandika mara moja tu. Atakayeniuliza tena inboksi nitamrudisha hapa.

1. Soma makala zake mbili tatu za karibuni, na usiishie kwenye muhtasari.

2. Jizoeze kueleza utafiti wako kwa dakika mbili, kwa sauti. Usikariri.

3. Saa. Hapa ndipo wengi huteleza. Saa zetu za Afrika Mashariki hazibadiliki mwaka mzima, lakini Marekani husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Saa nne asubuhi ya Boston, Oktoba kwetu ni saa kumi na moja jioni. Katikati ya Novemba ni saa kumi na mbili. Na simu hizi huja msimu huo huo, maana vyuo vingi vya huko hufunga maombi Desemba. Kwa hiyo hesabu kwa tarehe ya simu, si tarehe ya barua pepe. Ulaya hurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hivyo hesabu ya Boston usiipeleke Ujerumani. Ukithibitisha, mwandikie saa zote mbili: 10:00 Boston, 18:00 Mombasa. Ukimwandikia "saa 12" umejitakia. Tena saa hiyo ndiyo magharibi yenyewe. Kama mwakaa ubavuni mwa msikiti, omba isogezwe nusu saa. Si utovu wa adabu.

4. Chaji na bando. Stima ikipotea, waifai ya nyumbani nayo imekwenda.

5. Muulize kama anachukua mwanafunzi mwaka huu, fedha zatoka wapi na ni za miaka mingapi. Omba kuzungumza na mmoja wa wanafunzi wake. Huyo ndiye atakayekwambia kama barua hujibiwa.

6. Kesho yake, mistari mitatu ya shukrani.

MASWALI

Swali: Lazima nisome makala? Niko bize sana.
Jibu: Naye yuko bize.

Swali: Boss, nipe namba ya profesa yeyote wa uhandisi.
Jibu: Soma kichwa cha somo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nimefanyia kazi mikoko ya hori ya Tudor, hapa Mombasa, profesa ni wa Florida. Tutaongea nini?
Jibu: Marahaba mwanangu, hapo una mtaji. Mkoko wetu na ule mwekundu wa Florida wote ni wa jenasi moja, Rhizophora. Mchu, aina nyingine ya mikoko yetu, nao una nduguye kule, Avicennia germinans. Mlilana, aina ya tatu, si wa asili yao, na huenda akapenda kuusikia. Mweleze maji taka ya mji yanavyoingia Tudor, kisha muulize vipimo vyake vingefaa vipi matope kama hayo. Weka daftari lako la uwandani mbele yako, na usijifanye mjuzi wa Florida.

Swali: Ahsante sana. Na spika ya simu je?
Jibu: Hapana, tumia earphone za waya. Na uzime feni, hunguruma kwenye maikrofoni. Jasho litakutoka, lakini hakuoni.

Swali: Na wakitaka video?
Jibu: Feni izime vilevile. Weka leso karibu.