Unahamia Leicester na kazi yako iko kwenye laptopu? Panga mambo hivi

Mtu anayefanya kazi online nyumba yake ndiyo ofisi yake, sasa wengi wakihamia Uingereza wanatafuta chumba kama watu wa kwenda kulala tu, halafu Novemba ikifika mtu anajikuta anakaa masaa manane kila siku kwenye chumba chenye giza, baridi na ukungu ukutani, kichwa kinauma na hajui kwa nini. Mwongozo huu ni wako wewe ambaye bosi au wateja wako wako Nairobi, Dar, Kampala, Muscat au hata New York na wewe umekaa mji wa saizi ya kati huku Uingereza. Nitaongelea Leicester maana ndio mji ninaoujua, ila mengi yanafaa pia Nottingham, Coventry na miji ya aina hiyo.

Kwa nini Leicester? Sensa ya 2021 ilihesabu watu kama 368,000, yaani si kijiji na si London. Katikati ya mji unazunguka kwa miguu, treni mpaka London St Pancras ni kama saa moja na dakika kadhaa, na kodi ya nyumba haifiki ya London hata kidogo. Halafu kuna undugu wa Afrika Mashariki wa siku nyingi. Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda mwaka 1972 familia nyingi zilikuja hapa, ingawa kaunsili ya mji ilikuwa imelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. Walikuja, wakafungua maduka, na kuna waliotoka Kenya na Tanzania pia. Ndio maana ukipita Belgrave Road unapata muhogo, bamia, mahindi ya kuchoma, na usishangae mzee wa dukani akikujibu Kiswahili kabisa. Msalimie shikamoo, wengi wanaifurahia sana.

Kwanza kabisa viza. Uingereza haina viza maalum ya watu wa kufanya kazi mtandaoni. Tangu 31 Januari 2024 mtu wa viza ya matembezi anaruhusiwa kufanya kazi za huko kwao kwa laptopu akiwa huku, lakini hiyo isiwe ndio sababu kuu ya kuja, na huwezi kuigeuza kuwa makazi. Wanafunzi muwe makini zaidi, viza ya masomo hairuhusu kujiajiri, kwa hiyo vile vikazi vya ufrilansa vya Upwork ni hatari hata kama mteja yuko Marekani. Aliyekuja kwa viza ya mwenza kwa kawaida ana uhuru wa kuajiriwa au kujiajiri. Soma masharti ya viza yako mwenyewe, usisome ya shemeji yako.

Sasa saa, na hapa naomba uninukuu maana watu hawapigi hesabu. Afrika Mashariki saa haibadiliki mwaka mzima, huku zinabadilika mara mbili, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kiangazi mnapishana masaa mawili, baridi masaa matatu. Kwa hiyo kama ofisi ya Nairobi inaanza saa tatu asubuhi, wewe wa Leicester unaanza saa moja asubuhi wakati wa kiangazi na saa kumi na mbili alfajiri wakati wa baridi. Inaonekana mateso eti, ila angalia upande wa pili: Desemba jua la huku linatoka kama saa mbili na robo asubuhi na linazama kabla ya saa kumi jioni. Ukianza kumi na mbili unamaliza saa nane mchana, unabakiwa na karibu masaa mawili ya mwanga wa kutoka nje, kitu ambacho majirani zako wa ofisini hawana kabisa. Mimi naona hii ndiyo faida kubwa ya kufanya kazi ya ofisi ya Afrika Mashariki ukiwa huku na nakusihi usiilalie, maliza kazi, vaa koti, toka.

Mwenye wateja wa New York ni kinyume, wao wakianza saa tatu asubuhi kwako ni saa nane mchana na unamaliza saa nne usiku. Mwanga unaupata asubuhi, sawa, ila jioni zote zinaenda, huwezi kuzoeana na watu. Kama unaweza waombe mikutano ikae mwanzoni mwa siku yao. Na Marekani wanabadilisha saa tarehe tofauti na huku, kwa hiyo kuna wiki kadhaa Machi na wiki moja hivi kuanzia mwisho wa Oktoba tofauti inakuwa masaa manne badala ya matano. Mikutano yote iweke kwenye kalenda ya simu na majira ya mji wa mteja, usiweke kichwani.

Nyumba

Hapa ndipo pa kuweka nguvu. Ukienda kuona chumba nenda mchana na ufanye yafuatayo hata kama ajenti anakuharakisha. Fungua dira kwenye simu uone dirisha linatazama wapi. Kwetu jua liko utosini hatujali, huku wakati wa baridi jua linapita chini chini upande wa kusini, dirisha la kusini linakupa mwanga na joto la bure, la kaskazini hupati kitu miezi yote ile. Pitisha mkono ukutani nyuma ya kabati na pembeni ya dirisha kama kuna unyevu, nusa, rangi mpya kwenye kona moja tu ya ukuta huenda inaficha ukungu. Uliza cheti cha nishati cha nyumba, kina herufi A mpaka G, A ndiyo bora, na ya kupangisha kwa kawaida haitakiwi kuwa chini ya E. Nyumba zile za matofali zilizobanana za Clarendon Park na kule karibu na Narborough Road ni nzuri na mtaa unachangamka, ila nyingi ni za zaidi ya miaka mia moja na kuta zake zinapitisha baridi, kwa hiyo kama hela inatosha kwa C usichukue E eti kwa sababu kodi imepungua kidogo, utazilipa kwenye gesi.

Nyumba ya kushea ni nafuu lakini uliza wenzako wanafanya kazi gani. Nesi wa zamu ya usiku analala mchana wakati wewe uko Zoom unaongea kwa sauti, mtagombana bure, na kosa si la yeyote.

Hela za kuanzia zijue kabla hujatuma hata senti. Dalali wa huku haruhusiwi kumchaji mpangaji ada ya kuonyeshwa nyumba wala ya kukaguliwa, hiyo ni sheria ya England tangu 2019, yale mambo yetu ya kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja hayapo. Hela ya kushikia nyumba haizidi kodi ya wiki moja. Dipoziti haizidi wiki tano kwa nyumba za kawaida, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mfuko uliotambuliwa na serikali ndani ya siku 30 na akupe karatasi zake. Akikwambia anakaa nayo mwenyewe kwa uaminifu, achana naye. Na usitume hela ya nyumba uliyoiona kwenye picha tu, bora ulale gesti au kwa ndugu wiki mbili za kwanza ukatafute kwa macho yako. Mwenye nyumba ataomba pia uthibitishe una haki ya kupanga, unaingia akaunti yako ya viza mtandaoni unatoa namba ya kushea (share code) unampa, basi.

Siku ya kuingia piga picha kila kitu pamoja na namba za mita ya umeme na gesi. Kila kitu, hata doa la kapeti.

Intaneti

Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba chukua postikodi yake uingize kwenye ukurasa wa kuangalia intaneti wa Ofcom, yaani wasimamizi wa mawasiliano wa huku, utaona kama faiba inafika mpaka ndani au bado ni waya wa zamani wa shaba. Mtaa mmoja unaweza kuwa na faiba na wa pili usiwe nayo. Kwenye maghorofa inabidi wakati mwingine mwenye jengo akubali kwanza, uliza mapema maana linaweza kuchukua muda. Mikataba mingi ni miezi 18 au 24 wakati nyumba hujui utakaa muda gani, kwa hiyo tafuta ya mwezi kwa mwezi hata kama ni ghali kidogo, au uliza ukihama inakuwaje. Una siku 14 za kughairi ukinunua mtandaoni.

Ya akiba: nunua laini ya simu ya kulipia kadri, lakini iwe mtandao tofauti na simu yako ya kawaida. Kampuni ndogo zinatumia minara ya kubwa, giffgaff iko kwa O2, Smarty iko kwa Three, sasa ukiwa na O2 na giffgaff hujaweka akiba yoyote. Umeme haukatiki ovyo kama kwetu, ukikatika namba ya kupiga ni 105.

Joto na unyevu

Usipashe nyumba nzima kama uko mwenyewe, rediyeta (vile vyuma vya ukutani vya kupasha joto) za vyumba vingine zipunguze na upashe unapokaa, ila usizizime kabisa maana chumba kikipoa sana kinaota ukungu. Nguo usianike chumba unachofanyia kazi, maji yote yale yanaishia kwenye kioo na ukuta. Kila asubuhi fungua dirisha dakika kumi hata kama kuna baridi kali, hewa ibadilike, halafu funga. Wenye mita ya kulipia kabla, kama LUKU tu, unaongezea dukani au kwenye simu, ila mara nyingi unaweza kuomba ihamishwe kwenye bili ya mwezi.

Vitamini D usiipuuze, NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, inashauri watu kufikiria kumeza maikrogramu 10 kwa siku kipindi cha baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Ziko supamaketi bei ya kawaida. Na daktari wa mtaa, yaani GP, jisajili wiki ya kwanza ukiwa mzima. Ni bure, na kituo hakiruhusiwi kukukatalia kwa sababu tu huna kitambulisho au barua ya anwani, wakikusumbua waambie kwa upole kwamba miongozo ya NHS ndiyo inasema hivyo. Ushauri usio wa dharura ni 111, dharura 999.

Kodi ya mapato nitaenda haraka. Kazi unayoifanya ukiwa umekaa Leicester inahesabika imefanyika Uingereza hata kama mshahara unaingia benki ya Nairobi. Mwaka wa kodi ni 6 Aprili hadi 5 Aprili, pauni 12,570 za kwanza kwa watu wengi hazikatwi, na kama umejiajiri na umeingiza zaidi ya pauni 1,000 jisajili HMRC (mamlaka ya kodi ya huku) kabla ya 5 Oktoba baada ya mwaka huo kuisha, kisha uwasilishe mtandaoni na ulipe kabla ya 31 Januari. Kenya na Uganda zina mkataba na Uingereza wa kuzuia kulipa kodi mara mbili. Kama umeajiriwa kabisa na kampuni ya nje, hapo lipia mhasibu saa moja, usiulize kwenye grupu. Kodi ya kaunsili ni kitu kingine, inakuja kwa nyumba, na ukiishi peke yako omba punguzo la robo, wengi hawaombi kabisa.

Watu. Hili ndilo linaloumiza kuliko baridi. Unaweza kumaliza wiki hujaongea na mtu ana kwa ana, na hakuna anayegonga mlango kuuliza mbona huonekani. Kwa hiyo panga kama unavyopanga mikutano: siku mbili kwa wiki fanyia kazi nje ya nyumba, maktaba ya kati iko Bishop Street na kadi ni bure, au kodi dawati sehemu kama LCB Depot mtaa wa Rutland. Jumamosi saa tatu asubuhi kuna parkrun Victoria Park, mbio za pamoja za kilomita tano, bure, na wanaotembea wanakaribishwa. Msikiti, kanisa, timu ya mpira, chagua kimoja uende kila wiki hata siku huna mudi, maana Waingereza wanakuzoea kwa kukuona, wakikuona mara nyingi ndio wanaanza kuongea.

Mizigo: plagi za huku ni zile zile za pini tatu za Kenya, Tanzania na Uganda, chaja na ekstensheni njoo nazo. Unga wa ugali uko Belgrave Road, usibebe. Na koti zito usinunue Kariakoo wala Gikomba, subiri ufike, Queens Road pale Clarendon Park kuna maduka ya hisani yanauza mitumba mizuri ya baridi kwa bei ndogo.